Miche ya Klivia Nyuma ya Nyumba

Scholastika alipewa matunda ya klivia na dada yake Angelina, mtunza bustani wa loji moja nje kidogo ya Karatu. Yalikuwa mekundu na laini, kila moja na mbegu zake ndani. Angelina alimwonya kwamba ua hilo halipendi jua, wala halina haraka. Tangu mbegu mpaka ua la kwanza ni miaka. Alipokuwa akiaga akakumbuka jambo jingine: majani yake ni sumu, mifugo isiyaguse.

Scholastika aliyamenya matunda, akaziosha mbegu na kuzilaza juu ya mchanga uliochanganywa na majani yaliyooza, ndani ya sufuria iliyotoboka. Akaiweka chini ya mparachichi nyuma ya nyumba, mahali ambapo hata mchicha ulikataa kuota. Mumewe, Naftali, alicheka kidogo, akisema hajawahi kuona mtu anayelima kivuli. Mbegu zilichipua polepole mno. Miche ilipotoa jani la pili, Scholastika aliihamishia ardhini na kuizungushia miiba.

Miiba hiyo ndiyo iliyozua neno. Jirani yake, Nalangu, alikuwa ametoka Ngorongoro na mbuzi wake kuja kuishi kwa mwanawe Senteu, na wanawake hao wawili walikuwa bado hawajazoeana. Siku moja Nalangu alisimama kwenye uzio wa minyaa, akauliza ni mboga gani ile inayojengewa boma. Scholastika akamjibu ni maua tu. Habari ya sumu hakuitaja. Aliogopa kuambiwa amewategea mbuzi wa watu. Nalangu aliitazama miiba, akamtazama na mwenye miiba, kisha akaenda zake.

Wiki hiyohiyo miche ikaanza kutoweka. Asubuhi mmoja haupo, baada ya siku kadhaa mwingine haupo. Naftali alidhani ni kuku, lakini kuku hupekua, na pale hapakuwa na alama ya ukucha wala ya kwato. Miiba ilikuwa mahali pake. Scholastika akakata shauri kwamba ni mkono wa mtu, na mtu aliyeiulizia miche ile alikuwa mmoja. Tangu hapo walipokutana kisimani alikuwa akiangalia vidole vya Nalangu kama vina udongo. Nalangu naye aliyaona macho hayo, akaanza kuwapitisha mbuzi wake njia ya mbali.

Halafu mbuzi mmoja akavimba tumbo, akafa. Senteu alikuwa ameshasikia mjini kwamba maua yale ya Scholastika ni klivia, na klivia ni sumu, akamwambia mama yake. Nalangu hakwenda kugombana. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, mzee Bonifasi, naye akawaita wote uani kwake.

"Mama Thomasi, uliniambia ni maua," Nalangu alimwambia Scholastika. "Hukuniambia ni sumu."

"Na wewe Mama Senteu hukuniambia kwamba unaing'oa miche yangu," Scholastika akajibu.

Balozi akamwagiza Senteu ampasue yule mbuzi mbele ya wote. Tumboni mlikuwa na donge la mifuko ya plastiki na nyuzi za magunia ya vitunguu, yale yanayodondoka kwenye malori ya Mang'ola. Jani la klivia halikuonekana hata moja.

Scholastika alirudi nyumbani akiwa amesafishwa, lakini hakuwa ametulia. Mbuzi alikuwa amepata jibu, miche bado. Kesho yake mchana akaketi karibu na mparachichi akipukuchua maharage, macho yakiwa kwenye uzio wa Nalangu. Upepo haukuwepo. Mche mmoja ukatikisika, ukainama, kisha ukazama ardhini taratibu, kana kwamba kuna mtu anauvuta kutoka chini.

Alichukua jembe akachimba. Akakuta njia ya fuko, pana na laini, ikipita chini ya mstari mzima wa miche.

Angeweza kulifukia shimo na kunyamaza, maana hakuna aliyemwona, na wazo hilo lilimjia kabla ya jingine lolote. Mwishowe akanawa mikono, akazunguka uzio, akamkuta Nalangu akikamua. Akamweleza yote, na la kuificha sumu pia.

Nalangu alimaliza kukamua ndipo akasema, "Wewe uliniona mwizi, mimi nikakuona mchawi. Tusidaiane."

Miche iliyosalia ilihamia kwenye ndoo kuukuu zilizopangwa juu ya benchi. Miaka ikapita, na masika moja mche mmoja ukatoa shada la maua ya rangi ya chungwa. Nalangu alikuja kuliona. Alilizunguka, akalisifu kwa moyo, akanywa chai. Aliporudi kwake alisimama mlangoni mwa zizi, akawahesabu mbuzi wake. Scholastika alimwona. Naye, kabla ya kuingia ndani, akazipitia ndoo zake moja moja.