Mzee Asiye na Mtu

"Vuta shavu, baba. Hivyo hivyo. Ukicheka nitakukata."

"Nani acheke? Mkono mzito kama wa mpiga lipu."

Kinyozi alitabasamu, akapitisha wembe taratibu chini ya kidevu cha baba yake. Povu lenyewe lilikuwa la kipande cha sabuni ya kufulia, maana ile ya kunyolea imepanda bei mpaka kule saluni wanaifungia kabatini. Wodi nzima ilimjua kwa jina hilo la Kinyozi. Tangu mzee ateleze bafuni akavunjika nyonga, alikuwa akija kila asubuhi kabla ya kazi kumnyoa, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakitoa videvu, na wao anawapitia.

Leo mzee alikuwa ameruhusiwa. Neno tamu hilo, kwa asiyelijua! Ameruhusiwa kwa kuwa kitanda kinatakiwa, wala si kwa kuwa amepona. Mguu haukanyagi, kidonda cha operesheni bado kibichi, na sista alishaeleza kwamba mgonjwa ageuzwe mchana na usiku, aogeshwe, asafishwe kidonda, asaidiwe kwenda haja. Haya, na nani? Mama alishatangulia mbele ya haki. Dada kaolewa mbali, ananyonyesha mapacha. Kampuni ya walezi wa majumbani ilitaja bei yake, Kinyozi akashukuru, akakata simu. Na tajiri wa saluni alishatoa onyo la mwisho: ukikosa tena hata siku moja, kiti chako anakaa mwingine.

Amwogeshe yeye mwenyewe? Jana alipoligusia jambo hilo, mzee aligeuza uso ukutani.

"Mwanangu wa kiume anione nilivyozaliwa? Thubutu! Bora nioze."

Kinyozi hakubisha, kwa sababu na yeye aibu ilikuwa imemshika mpaka masikio yakawaka moto. Likabaki tumaini moja tu, mwuguzi wa bure anayetumwa majumbani na ofisi ya ustawi wa jamii. Na huyo afisa ustawi mwenyewe ndiye aliyekuwa anaingia sasa, tai imenyooka, kalamu mkononi, haraka zake zimemtangulia.

"Huyu ndiye wa nyonga? Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, nisikilize. Huduma yetu ni ya wazee wasio na mtu. Mwenye mtoto mzima, mwenye nguvu zake, basi mtoto ndiye mwuguzi. Huo ndio utaratibu. Mtoto unaye?"

Kinyozi alifungua kinywa aeleze kwamba mtoto yupo, ila mtoto huyo akishinda nyumbani, hawatakula wote wawili. Mzee akamuwahi.

"Sina."

Wembe ulisimama shavuni.

"Na huyu?"

"Huyu? Kinyozi."

Afisa alimtazama mzee, akamtazama kijana, akarudi kwa mzee. Looh, masikio yale ya wote wawili, yaliyochomoza kama vishikio vya kikombe! Hata kipofu akiyapapasa angejua ni ya baba na mwana.

"Mbona mnafanana?"

"Wanyonge wote tunafanana, bwana mkubwa."

Afisa hakucheka. "Sista, unamfahamu huyu?"

Sista alikuwa anakunja shuka, na aliendelea kukunja. "Hapa sote tunamwita Kinyozi," alisema, na wala hakusema uongo.

"Wewe kijana, jibu mwenyewe. Huyu mzee ni nani wako?"

Kinyozi aliushusha wembe. Huyu ndiye aliyeuza redio yake, kitu pekee alichokipenda ndani ya nyumba, ili amnunulie mkasi wa kwanza. Leo amkane mbele ya wodi nzima? Alimtazama. Macho ya mzee yalikuwa yanamsihi: sema, mwanangu, usiniangushe.

"Mteja wangu," Kinyozi alisema.

Afisa akaandika. "Vizuri. Mchana gari letu litampeleka nyumbani, na mwuguzi ataanza leo leo. Ila tukimkuta ndugu anaishi naye, huduma inakatwa hapo hapo. Tumeshadanganywa sana."

Chumba chao kilikuwa kimoja, na godoro la Kinyozi hulala chini ya kitanda cha mzee. Kabla gari halijafika itabidi akalitoe, pamoja na nguo zake zilizotundikwa mlangoni. Alipeleke wapi, hakujua. Labda saluni, tajiri akikubali.

"Umemaliza kunyoa?" afisa aliuliza.

"Bado shavu moja."

"Utamalizia siku nyingine. Saa hizi wanaoruhusiwa wodini ni ndugu wa mgonjwa tu."

Sista aliinua kichwa, kisha akaiinamia tena shuka yake. Kinyozi aliufuta wembe, kisha akampangusa mzee povu lililobaki kwa kiganja chake, polepole, maana hakujua aage vipi. Mteja haagwi kwa machozi.

"Ahsante, kijana," mzee alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Ukifika kwenu, nisalimie baba yako."

"Zitamfikia, mzee," alisema Kinyozi, akatoka.