Mkono kwenye Swichi Kuu

Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, meneja wa kiwanda cha sabuni alimkabidhi fundi umeme mmoja wa kike michoro, redio ya mkononi na mafundi sita. Alimwambia kuanzia leo yeye ndiye msimamizi wa mradi wa kubadili nyaya za mitambo yote. "Utajifunza humo humo," alisema, akaondoka kabla hajaulizwa swali.

Saa mbili na nusu msimamizi wa zamani, aliyezikwa wiki tatu nyuma, alifika getini. Mlinzi alimwandika kwenye daftari la wageni, akamgombeza kwa kuja bila kofia ngumu, akamwazima moja. Marehemu aliivaa akaingia kumfundisha mrithi wake.

Alifundisha vizuri, ila kwa ukali. Alimwonyesha jinsi ya kusoma mchoro, kupanga mafundi kwa uwezo wao wala si kwa kelele zao, na kutomwamini mtu anayesema, "Nimeshazima." Yeye mwenyewe aliambiwa hivyo siku aliyokufa. Mtu wa zamu akaona mashine zimelala, akawasha umeme, naye mikono yake ilikuwa bado ndani ya paneli.

"Kila fundi na kufuli lake kwenye swichi kuu," alisema. "Na ufunguo mfukoni. Hata ukienda chooni, nenda nao."

"Makufuli yenyewe yako wapi, mzee?"

"Niliyaomba mara nne, mwanangu."

Msimamizi mpya akaomba mara ya tano, akapigwa danadana. Jumanne ombi lilikuwa mezani. Jumatano bado lilikuwa mezani. Alhamisi meza ilihamishiwa ofisi nyingine. Kwa siku nne alikuwa amejifunza kazi ya miaka minne. Mafundi sita, wote wana watu nyumbani, walingoja kutia mikono kwenye paneli.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, akimtazama meneja dirishani.

"Aliyekufa ni mimi," marehemu alijibu, "na nilisikia vizuri sana."

Akaenda akaushika mpini wa swichi kuu yeye mwenyewe. Mtu wa zamu alijaribu kuupandisha, ukakataa, akarudi kukaa. Kazi ikaendelea. Watu walimzoea marehemu. Mfagizi alimwomba tu ainue mguu.

Mradi uliisha siku mbili kabla ya muda. Meneja alikuja kukagua, akamwamkia marehemu shikamoo, akamsifu msimamizi kwa wepesi wa kujifunza. Kisha akalichana ombi la makufuli, maana haja ilikuwa imekwisha.

"Mwezi ujao tunaanza kiwanda cha pili," alisema. "Huyu hawezi kuwa sehemu mbili. Kule atahitajika mwingine wa kushika swichi."

"Tutampata wapi, bosi?"

Meneja aliwatazama mafundi sita waliokuwa wakikusanya vifaa vyao.

"Kazi ikianza," alisema, "atapatikana tu."

Msimamizi aliketi juu ya kreti, akaanza kuandika ombi la sita. Upepo ulikuwa ukivuma dirishani, kwa hiyo marehemu, mkono mmoja ukiwa bado kwenye mpini, alimshikia karatasi.