Kisanduku cha Mtu Mmoja

Mkuu wa walinzi alilisoma jedwali ukutani kwa kidole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Kidole kilishuka mpaka idara ya dobi, kikakata kulia mpaka safu ya wanaume, kikasimama. Swali lilikuwa: umewahi kupigwa na walinzi kazini? Jibu: ndiyo, asilimia mia.

"Dobini kuna mwanamume mmoja tu," alisema, akatoka.

Mwanafunzi aliyekuwa akiwasilisha utafiti wake mbele ya wakuu wa hoteli alibaki na kalamu hewani. Alikuwa ametoka jasho kujifunza takwimu. Namba zilizomliza mwanzoni sasa zilimtii, naye alijaa kiburi cha mwanagenzi. Mwalimu wake alimwonya: kisanduku cha jedwali chenye watu wachache kiunganishe na kingine. Yeye akaona kuunganisha ni kuharibu uhondo. Alitaka jedwali lake lioneshe kila kitu, na kweli lilionesha. Hakuandika jina la mtu hata mmoja, akadhani siri imetunzwa.

Na yule mwanamume wa dobini ni mjomba wake, aliyembembeleza meneja mpaka utafiti ukakubaliwa.

"Endelea tu, dada," meneja alisema huku akikoroga chai. "Tupeleke kwenye kuridhika kwa wageni."

Mwanafunzi alitupa kalamu, akatoka mbio.

Alimsikia mjomba kabla ya kumwona. Walinzi wawili walikuwa wamembana kwenye pasi ya mvuke, ile kubwa ya kunyooshea mashuka, na mmoja alimshindilia ngumi za mbavu bila haraka, kama anayetwanga. Jino lilikuwa sakafuni. Damu ilikuwa imerukia mashuka meupe, na wanawake wa dobini walikuwa wamejibanza ukutani, viganja midomoni. Mkuu wa walinzi alikuwa ameugandamiza mkono wa mjomba juu ya meza ya pasi. Kwa mkono wake mwingine alishika mpini wa kifuniko cha pasi, chenye moto.

"Afadhali umekuja, msomi," alisema. "Waambie hawa kwamba umebuni. Waambie hapa hapigwi mtu."

"Nimebuni," alijibu upesi. "Nimebuni yote. Hapigwi mtu. Mwachie, nakuomba."

Aliuona utafiti wake ukifa, wala hakuuonea huruma. Mkuu alicheka, akalegeza mkono.

Mjomba aliinua uso uliovimba, akatema damu.

"Mwongo huyo," alisema. "Nilijibu mwenyewe."

"Mjomba, nyamaza!"

"Nimenyamaza miaka mingapi, mama? Umeniuliza, nimekujibu. Usinifute."

Ngumi ilimshukia mdomoni. Mkuu aliurudisha ule mkono mezani, akaanza kuteremsha kifuniko. Mvuke ulifoka. Mwanafunzi aliogopa, aliogopa mno, na hasira ikampanda juu ya hofu hiyohiyo. Alijipenyeza kati ya walinzi, akaulaza mkono wake juu ya mkono wa mjomba, vidole juu ya vidole.

"Alipigwa," alisema. "Na ninyi ndio mnaompiga."

Joto lilimfikia kwenye kucha. Walinzi walimtazama mkuu wao, naye bado ameshika mpini.