Nakala ya Hukumu ya Sufuria la Mama

Hebu niambie wewe, umewahi kuitwa mwizi wa kitu cha mama yako mwenyewe?

Mimi niliitwa, na aliyeniita ni wifi yangu Kuruthumu, dada wa marehemu mume wangu. Alikuja kuazima sufuria la shaba nililoachiwa na mama yangu, lile la pilau lenye mishikio minne, kwa arusi ya binti yake. Arusi ikaisha, bibi arusi akazaa, sufuria halirudi. Nilipolidai, akawatangazia wapishi wote wa Mtaa wa Mchikichi kwamba nililiiba kwa mama yake, mkwe wangu.

Balozi wa nyumba kumi alitaka eti tulitumie kwa zamu. Nikaenda mahakama ya mwanzo. Fundi aliyelitia mishikio akaeleza alivyoletewa na mama yangu, nikashinda. Kuruthumu akasema bila karatasi yenye muhuri hatoi hata mfuniko.

Nikaifuata nakala. Karani aliniamkia vizuri, kisha akasema kaboni ya kupigia nakala hakuna, nirudi wiki ijayo. Nikarudi: kaboni ipo, karatasi hakuna. Nikarudi tena: mpiga taipu kaenda kupanga foleni ya unga. Hapo nikakaa kwenye benchi, nikamwambia nitamngoja. Karani akacheka, akasema mama huyu kesho atahamia na kitanda. Sikucheka. Jioni mpiga taipu akaingia na mfuko wake wa unga wa njano, akaniona, akavuta kiti akapiga.

Wino wa muhuri haujakauka, nikawa mlangoni kwa Kuruthumu. Binti yake akaisoma mbele ya wanawake, wapishi wale wale, waliokuwa barazani wakichambua mchele. Kuruthumu akaliburuta sufuria hadi kizingitini, masizi tele, ukoko umegandia chini. Akalisukuma kwa mguu.

"Haya, chukua."

Sikuligusa. Nilikunja karatasi yangu nikakaa barazani. Wanawake wakaacha kuchambua.

"Wifi, si umeshapewa? Unataka nini tena?" Kuruthumu akauliza.

Hakimu naye aliniuliza ninachotaka, nikajibu sufuria tu, maana mbele yake ulimi ulikuwa mzito. Sasa haukuwa mzito.

"Nataka useme mbele ya hawa uliowaambia mimi mwizi. Sema sufuria ni la mama yangu, na wewe ulikuja kuliazima kwa mdomo wako. Siondoki hapa mpaka useme."