Kamera Inayotafuta Sura

…na hii ya kijivu nayo haina ubaya, ubaya wake ni kwamba betri inakwisha kabla hata ngoma hazijapashwa moto, Khalfan mwenyewe amekiri, na Khalfan akikiri ubaya wa kitu anachokiuza ujue hali ni mbaya kuliko anavyosema, lakini picha yake, picha yake ni ya sinema hasa, giza ni giza, vumbi ni vumbi na si ukurutu juu ya lenzi, wakati hii nyeusi niliyoishika mkono wa kulia inaona kama paka na inajitafutia fokasi yenyewe, ila rangi zake ni za harusi, si ajabu, imepiga harusi za Dar mpaka ikachoka ndipo ikaletwa Masasi kumalizia uzee, nami nimesimama kwenye kaunta hii tangu watu walipotoka kuswali adhuhuri, kama bwana harusi aliyesahau jina la mchumba, maana hela ya korosho za mama inanunua moja, si mbili, na Jumamosi ni moja, si mbili, wavulana wanatoka jandoni Newala na Mjomba Bwanali anaingia ndani ya lipiko, yule mzimu wa kinyago anayecheza uwanjani, kwa mara ya mwisho, amesema mwenyewe kwamba baada ya hapo miguu haitaki tena, nikikosea kuchagua sitaweza kumwambia mzee tafadhali rudia, jua lilikuwa linaniingilia… "Dairekta," anasema Khalfan, ananiita hivyo tangu nilipomrekodia tangazo la duka, "tazama hii nyeusi inavyofanya," anaichukua, ananielekezea kioo, kisanduku cha kijani kinamkaa usoni, akienda kushoto kinaenda, akijificha nyuma ya feni kinamngoja kwa adabu, "inajua sura ya binadamu, mwaga watu uwanja mzima itakuchomolea unayemtaka," anaielekeza kwenye kalenda ukutani, mgombea wa uchaguzi uliopita naye anapata kisanduku chake, "unaona, hata huyu imemtambua, na kata nzima hakuna aliyemtambua," anacheka, nami nacheka, halafu naacha, kwa sababu hicho kisanduku ninakifahamu, juzi Khalfan aliniazima kamera hii nikapanda nayo Newala… lakini kwanza yule afisa, kwa nini ninamkumbuka sasa, yule kijana wa kibali cha kupiga filamu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ikawa mikali kama kisu, mhusika mkuu ni nani, akauliza, nikasema lipiko, jina kamili, nikasema hana, si mtu, ni mzimu umekuja kuwapokea watoto, akafikiri kidogo, akasema basi tujaze namba yake ya kitambulisho cha taifa, nikamwambia mizimu nayo bado inasubiri kadi kama sisi wengine, akaandika "inashughulikiwa" na kugonga muhuri, sikumdharau, aliuliza tu kile ambacho sisi tumefundishwa kutouliza, nani yuko ndani, ukishatoka jandoni unajua na unanyamaza, mwanamke hajui na ananyamaza pia, ndivyo mji unavyokwenda… juzi basi, uani kwa Suleimani mpiga ngoma, waliokuwepo ni wanaume watupu, Mjomba akakivaa kile kinyago cha kuingiza kichwa chote kama chungu, babu alivuka nacho Ruvuma, kina nywele za mtu zilizobandikwa kwa nta na macho yaliyofumba nusu, aliye ndani hatazami kupitia macho hayo, anatazama kupitia mdomo, nikawasha hii nyeusi, kisanduku kikatokea, kikapita juu ya ile sura ya mti kama mtu anayepita duka lililofungwa, kikashuka, kikatua mdomoni, na humo, katika weusi wa mdomo, kikapata macho mawili ya Mjomba, mekundu, yamelowa, kamera ikayaleta karibu na kuyang'arisha, kinyago kizima kikageuka ukungu, lipiko akayeyuka, akabaki mzee anayetafuta pumzi… "Kile kisanduku unaweza kukizima, ukitaka," anasema Khalfan, kana kwamba nimesema kwa sauti, labda nimesema kwa sauti, "unaingia huku, unabonyeza hapa, kinaondoka," najua kinaondoka, mimi ndiye nisiyeondoka, nimeshaona, nikikizima bado mkono wangu utalenga mdomo, ndiyo maana nilikuja leo nikijiambia afadhali ya kijivu, haitafuti mtu, inapokea tu kilichoko mbele yake, lakini lipiko hutoka jua likishaegemea, na ya kijivu jua likiegemea haioni kitu, nitakuwa na saa nzima ya weusi mzuri wa kisinema, yaani nina kamera inayomwona kupita kiasi na kamera isiyomwona kabisa, nami nilikuwa nikidhani shida ni bei… simu, Naima, binti yake Mjomba, "Shikamoo kaka Yunusi," marahaba, mbona unahema, "nipo hospitali, Ndanda, na baba," Khalfan anaendelea kusema lenzi nitakupa na kifuniko chake, nageuka upande, "miguu imevimba, maji yamepanda mpaka kifuani, daktari amesema hatoki, wiki hii wala ijayo," hatoki, nasema, hata Jumamosi, nikasikia toroli likipita kwenye sakafu ya wodi, kisha akasema taratibu, kama anayebeba kitu kilichojaa, "hata Jumamosi, sasa kaka, kama kuna watu walikuwa wanamtegemea kwa jambo lolote, uwaambie watafute namna," jambo gani, nikauliza, sijui kwa nini nilimuuliza, "mimi nitajuaje," akasema, "si ni mwanamke mimi," na sauti yake haikutikisika hata kidogo, "mama anakusalimu, amekaa hapa anamkanda miguu"… amekata, na Khalfan ananitazama, "kuna mgonjwa?" mjomba, nasema, "pole, Mungu atamwafu," anasema, na kwa heshima anapunguza sauti anaporudia habari ya kifuniko… mama Naima anamkanda miguu, bila shaka, ndiyo kazi aliyoifanya kila mwaka baada ya ngoma, nilikuwa nikilala kwao nikasikia kupitia ukuta, anarudi uwanjani na wanawake wenzake, anamkuta mumewe ametangulia nyumbani amejinyoosha kwenye mkeka, vumbi limemjaa masikioni, anamchemshia maji, anamkanda, na anamwambia, "Leo umekosa, lipiko alicheza, yaani alicheza," na Mjomba anasema, "Mimi nilikuwa shamba, nilikuwa napalilia," na mama Naima, "Basi umekosa, aliwakimbiza wanawake mpaka Bimdogo akapoteza kanga," na Mjomba anacheka chinichini, "Ana wazimu huyo lipiko," na mama Naima, "Ana wazimu, lakini tungemkosa tungefanyaje," kila mwaka, maneno yakibadilika kidogo, sijawahi kusikia mwanamke akimwambia mumewe maneno ya mapenzi kushinda hayo, na mimi na akili zangu nilitaka kutundika shuka jeupe uwanjani na kumwonyesha macho ya mumewe yakiwa makubwa kama masinia, mbele ya watu wote, kwa nia njema, kwa ajili ya kumbukumbu, nilishaandika maombi kwamba ni kwa ajili ya kumbukumbu… sasa hata hilo halipo, Jumamosi ngoma itapigwa, haiwezi kuahirishwa, watoto hawawezi kukaa porini kungoja maji yashuke kifuani mwa mtu ambaye rasmi hayumo, Suleimani ataingia mle ndani, ana kifua, ana mabega, hana zile hatua, nami nitapiga picha za Suleimani nikiwa na kamera yoyote, itakuwa filamu safi ya mtu mwingine, na mama Naima ataacha wodi asubuhi apande Newala, hawezi kukosa, akikosa watu watauliza kwa nini, atasimama na wanawake, atakimbia wanapokimbia, halafu kesho yake atashuka Ndanda na chupa ya uji, na Mjomba kitandani, kwa mara ya kwanza tangu amwoe, akisema sikuwepo atakuwa anasema kweli, ndipo atamuuliza, maana atauliza, hatavumilia, lipiko alichezaje, na yule mama atashika kijiko cha uji aanze kufikiri, akisema alicheza vizuri atakuwa amemzika angali anapumua, akisema hakucheza kama siku zote atakuwa amemwambia kwamba miaka yote alijua, na hakuna la tatu, ninalitafuta la tatu, nimelitafuta tangu simu ilipokatika, angesema hakwenda, hapana, atamjua anadanganya, angesema mvua ilinyesha, labda mvua, labda inyeshe kweli, Desemba hii mawingu yanapita tu… "Sasa dairekta," anasema Khalfan, kwa upole, mteja mwingine ameingia anataka chaja, "nikufungie ipi?" na ninaona nimezishika tena zote mbili, sikumbuki nilizichukua lini, ninazipima kama mtu anayenunua nyanya, na zote, ajabu, zina uzito uleule.