Watoto Watano kwenye Fomu

Mjinga siku ile nilikuwa mimi, na wala sitafuti wa kugawana naye. Dukani kwa Fairuz tulikuwa watu sita, na hata yule kijana aliyepigwa picha ya kitambulisho mara tatu akifumba jicho mara zote tatu alinishinda akili.

Nilikwenda kuomba viza kwa mara ya pili. Mke wangu Mwende yuko Uingereza mwaka wa pili sasa, anahudumia wazee katika nyumba wanamolelewa. Anawageuza, anawaogesha, anawalisha. Juzijuzi maumivu yalimwangusha kazini, wakampima, wakakuta uvimbe kwenye kizazi. Alipopewa tarehe ya kupasuliwa, wakamwuliza, "Ukitoka hospitali, nani atakaa nawe nyumbani?" Akajibu, "Mume wangu anakuja." Alijibu hivyo kabla hata sijaomba. Ndivyo anavyoniamini, maskini.

Nikaomba, nikanyimwa. Barua ilikuwa fupi na yenye adabu zake: wewe umeandika una watoto watano, mkeo alipoomba ruhusa ya kazi aliandika wawili, kwa hiyo siwezi kuridhika kwamba na hayo mengine uliyosema ni kweli.

Sasa, niseme nini? Watano ninao. Wawili nimezaa na Mwende. Watatu waliachwa na kaka yangu Kalama, dereva wa lori Shimanzi, aliyekufa ajalini miaka saba iliyopita. Siku ya kumaliza matanga, kwetu Kaloleni, wazee walinikalisha mkekani mbele ya watu wakaniambia: kuanzia leo hawa ni wako, tusisikie umewatenga kwa neno wala kwa sahani. Sikuwatenga. Tunaishi nyumba moja ya kupanga Tononoka, mlango wa Kadzo, mjane wa Kaka, ukitazamana na wangu. Wote watano huniita baba, wote watano huniibia chaja. Mtu akiniuliza nina watoto wangapi, ulimi huenda wenyewe. Fomu nayo iliuliza, nikaijibu kama ninavyomjibu kila mtu. Mwende ni Mkamba, na ni mtu wa makaratasi. Yeye aliulizwa amezaa wangapi akahesabu aliowazaa.

"Masalkheri, bwana Kahindi," Fairuz aliniambia, macho kwenye kompyuta. Pale Mji wa Kale yeye ndiye hujazia watu fomu: waendao Hija, waendao kazi za Uarabuni, na wasiojua waendako.

"Masalkheri, dada. Hali?"

"Hali njema, lakini wakati hatuna. Leo ni tarehe tano. Mkeo apasuliwa tarehe ishirini na nane. Majibu huchukua wiki tatu. Fomu hii isipoondoka leo, utafika akiwa ameshapona, au..."

Hakuimaliza. 

"Hapa pa idadi ya watoto," akasema, "naandika wawili."

"Andika watano."

Akavua miwani. "Watano ndio waliokunyima viza."

"Basi safari hii waandike kwa wino mzito, wawaone vizuri."

Watu wakacheka. Mimi nikiogopa hutania. Siku niliyoachishwa kazi bandarini niliwatania mabawabu mpaka getini. Siku ya kumzika Kaka nilitania mpaka shangazi akanifinya, alama ninayo.

Fairuz hakucheka. "Sikiliza. Twaandika wawili. Halafu barua ya maelezo: wale watatu ni wa marehemu kaka yangu, nawalea mimi. Twaambatisha vyeti vya kuzaliwa. Basi, hakuna uongo hapo."

"Na saini chini itakuwa ya nani?"

"Yako. Wataka niweke yangu?"

"Yaani mimi nitie saini kwamba watatu si wangu. Karatasi ikae huko milele. Kesho mmoja wao, Chonga, akitaka kwenda kusoma ng'ambo, wamfungulie: mtazame babako, alikukana tarehe tano."

"Ewe, kukana gani huko?" akasema mama mmoja nyuma yangu. "Watuchelewesha tu!"

Simu ikalia. Mwende. Nikageukia ukutani.

"Umeshatuma, Baba Kingi?"

"Karibu."

"Karibu ya huku, au karibu ya Mombasa?"

Nikacheka, naye akacheka, kisha nikasikia akikata kicheko katikati na kuvuta pumzi kwa meno. Nikangoja. Maili elfu ngapi zile, na mimi kazi yangu ni kushika simu.

"Jana viatu vilinishinda kuvaa," akasema. "Nilikwenda kazini na ndara. Baba Kingi, wameniuliza tena jina la mtu atakayekaa nami. Wamesema kama sina, hawanipasui siku hiyo, watanirudisha nyuma kwenye foleni. Nikawapa lako. Sikukosea, sivyo?"

"Hukukosea."

"Basi tuma."

Nilirudi pale kaunta. Fairuz alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe, ananitazama. Ilibaki niseme neno moja tu. Nikafungua mdomo, na nikaona ule mkeka wa Kaloleni, na Chonga wa miaka tisa wakati ule, akinishika kidole gumba. Mdomo nikaufunga. Mtu anajua kabisa kwamba mkewe anaumia, na bado anabishana na mashine! Nawaambia nilikuwa mjinga, hamsikii.

Hapo ndipo Kadzo alipoingia. Fairuz alikuwa ametaka vyeti vya watoto wote, na vya wale watatu huviweka yeye. Alitoka moja kwa moja Shimanzi, anakowapikia madereva, kanga ikinuka vitunguu, bahasha ya khaki kwapani.

"Shemeji," nikamwambia, "hukutufungia hata chapati?"

Hakunitazama. "Fairuz, imeshaondoka?"

"Bado. Shemejiyo hataki kuandika wawili. Asema atakuwa amewakana wanao."

Kadzo akatoa vyeti vitatu akavipanga kaunta, kimoja kimoja, akivinyoosha kwa kiganja. Akaweka kidole penye mstari wa jina la baba.

"Soma."

"Kadzo, najua kilichoandikwa."

"Soma, shemeji."

Nikasoma. Kalama. Kalama. Kalama. La tatu halikutoka vizuri.

"Hizo ni karatasi!" nikapaza sauti, kwa maana nilihisi machozi na sikutaka yaonekane na wale watu. "Nani alilala hospitali na Chonga alipougua? Nani huitwa shuleni? Miaka saba! Waite wote watatu hapa, uwaulize baba yao nani, usikie watakavyosema. Mimi niliambiwa mbele ya watu, na sitaandika popote, hata kwa mfalme wao, kwamba hawa si wangu!"

Yule kijana wa jicho akainamisha kichwa.

Kadzo alivikusanya vyeti, akavisukuma upande wa Fairuz, kisha ndipo akanitazama.

"Nilikupa watoto uwalee, shemeji. Sikukupa mume wangu umfute. Fairuz, andika wawili, utume."