Wimbo Uliofungwa Kamba

Jumamosi ile nililala mchana, jambo ambalo si kawaida yangu, na nililala kwa sababu moyo ulikuwa umechoka kuliko mikono. Asubuhi nilikuwa nimekorofishana na wifi yangu Nanzia, mke wa marehemu kaka yangu, pale kwenye ndiva, yaani bwawa letu la milimani linalokusanya maji usiku ili mchana mwenye zamu ayafungulie shambani kwake. Zamu ilikuwa yangu mpaka jua lizame. Ya Nanzia ilikuwa imempita, maana hakutokea kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji. Alikuwa kitandani na homa, lakini sheria ya mfereji haina masikio ya kusikia homa. Asiyefika kuzibua hukosa maji mzunguko mzima, isipokuwa mwenye zamu, kwa hiari yake mwenyewe, amkatie kidogo. Hakuna mzee wala mwenyekiti wa kumlazimisha.

"Wifi, nikatie hata nusu," aliniambia. "Maharage yametoa maua na yananyauka. Leo ikipita, sina cha kuvuna."

"Nenda kamwombe mwenye sauti nzuri," nikamjibu.

Akanitazama. Alijua nasema nini. Kwenye msiba wa kaka yangu, mimi ninayeanzisha nyimbo kanisani kwetu, nilipoimba, yeye aliwaambia waombolezaji kwamba sauti yangu ni ya mlango usiotiwa mafuta, na watu wakacheka, maiti iko ndani.

"Kumbe bado unalo lile? Ulikuwa utani wa mawifi."

"Utani una mahali pake."

"Basi nisamehe."

"Nimeshakusamehe," nikasema. "Ila maji yana kazi."

Nikamwagilia maharage yangu, nikamwagilia viazi, nikamwagilia hata migomba isiyokuwa na kiu, naye amekaa juu ya jiwe ananiangalia. Kisha nikarudi nyumbani kujiandaa, maana kesho yake ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana na mimi ndiye wa kuanzisha wimbo. Nikaujaribu, ukakwama kooni kama mwiba wa samaki. Nikajinyoosha kwenye mkeka, nikasema nipumzike kidogo tu, na usingizi ukanibeba.

Nikajiona katika nchi nisiyoijua, nchi ya vilima vya majani mafupi, na watu wengi wanapanda kwenda kwenye nyumba kubwa yenye dirisha moja tu, juu kabisa, na dirishani mna mwanga kama wa alfajiri usiokwisha. Katika nchi hiyo mtu akiimba au akiomba, maneno yake hutoka kinywani yakiwa ndege. Hewa yote ilijaa mabawa. Nikaanza kupanda na wenzangu, lakini mgongo uliniuma kama niliyebeba gunia. Pembeni yangu akatokea mwanamke wa makamo, peku, gauni lake lina tope mpaka magotini, akanishika mkono kama tunaojuana tangu zamani.

"Naitwa Unyofu," akasema. "Usilishangae tope langu. Wanaonitafuta ndani ya nyumba hii tu hawanipati, kwa kuwa muda mwingi niko mashambani mwao."

Mlangoni alisimama Bwana Sifa, mtu mnene mwenye viatu vya kung'aa, akigawa viti. Aliponiona akainama. "Karibu mama mwimbaji. Kiti chako nimekitunza, mbele kabisa, wakuone wote." Naungama kwamba neno lile lilinikolea. Yeye mwenyewe alipoimba akatoa jogoo mwenye manyoya ya kila rangi. Jogoo akaruka mpaka kwenye boriti, akatua hapo, akawa anageuza shingo huku na huku kuona nani anamtazama, na dirisha hakulikumbuka tena. Karibu na boriti ile, chini, alikaa Mama Mazoea amefumba macho, vidole vinachambua kunde, mdomo unaenda wenyewe. Ndege wake walikuwa wa udongo. Kila mmoja alitoka akaanguka pu, na fungu lake lilikuwa limeshamfika magotini.

"Mama," nikamwita, "huoni wanavyoanguka?"

Akafumbua jicho moja. "Nini, mwanangu? Tumeshafika kwenye amina?"

Nikataka kucheka, lakini pale nyuma mwanamume mmoja mwenye kikohozi akaanza kuimba, sauti inakwaruza, pumzi inamkatikia katikati ya mstari, na kinywani mwake kikatoka kindege kidogo kama chiriku aliyelowa mvua. Hakikupamba hewa hata kidogo. Kikapanda moja kwa moja, kikapita dirishani, na mwanga ule ukatikisika kama maji yaliyoguswa. "Huyu ana nini?" nikauliza. Unyofu akasema, "Hana kitu, na hakujifanya anacho. Amekuja na njaa yake, akamwambia Mungu, nina njaa. Kati ya moyo wake na mdomo wake hakuna pazia."

Ndipo wakaniita. Nikasimama mbele, nikaimba, na tazama, akatoka ndege mkubwa, mweupe, mabawa yake yanavuma kama upepo kwenye migomba, na watu wote wakaguna kwa kupendezwa. Akapanda, akapita boriti, akalikaribia dirisha mpaka mwanga ukamgusa mdomo. Hapo akastuka kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba, akarudi chini akipigapiga mabawa. Nikaona mguuni ana uzi mwembamba. Nikaufuata uzi kwa macho, ukashuka, ukapita watu, ukaja ukaishia mgongoni kwangu mwenyewe. Nikageuza shingo. Kwenye mbeleko yangu alikaa mtoto mwenye uso wa mzee na meno yote kamili, ameuzungushia uzi kidoleni.

"Mama, njaa," akasema.

"Mimi si mama yako."

"Mbona kila siku unaninyonyesha? Leo asubuhi nimeshiba kweli." Akajilamba. "Mimi Kinyongo wako."

Aibu ikanishika mbele ya watu wale wote. Nikamgeukia Unyofu. "Lakini nilisamehe. Nililitamka neno lenyewe."

"Ulilitamka," akasema kwa upole, "na mkono wako ukabaki umefumba. Mungu husikia kinywa na husikia mkono, na viwili hivi vikishindana, huuamini mkono. Lakini usidhani ameuchukia wimbo wako. Tazama juu."

Nikatazama. Dirishani palikuwa na kiganja kimenyooshwa, kina kovu katikati, kinamngoja ndege wangu, na hakikuwa na haraka wala hasira. Nikajua ni cha nani. Nililia kama mtoto. "Basi nipe kisu niukate."

"Haukatiki humu. Nimeona watu wakija na visu, wengine na machozi kama haya yako, wengine na mifungo mirefu. Fundo halikufungwa humu ndani, na halifunguliwi humu ndani. Rudi lilikofungwa. Kiganja hakitaondoka."

Nikaanza kutoka. Bwana Sifa akanizibia njia. "Mama, ukitoka sasa unapoteza kiti, na kuna watu watano wanakitamani." Na Kinyongo akaninong'oneza sikioni, "Tukae, mama, hapa mbele ni pazuri, watu wanatuona." Nikasita. Sitaficha, nilisita, kwa maana kiti kile nilikitafuta miaka mingi. Kisha nikamwona ndege wangu anahema sakafuni, ananitazama kwa jicho moja, nami nikamsukuma Bwana Sifa kwa bega, nikavuka kizingiti.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeinama, lakini lilikuwa bado lipo. Sikungoja kumwuliza mtu maana ya ndoto, kwani haikuwa na fumbo. Nikachukua jembe, nikapanda mpaka panapogawanyika mfereji, nikaziba upande wangu kwa udongo na majani, nikabomoa kizuizi cha upande wa Nanzia. Maji yakasimama kidogo kama yanayouliza njia, kisha yakaingia.

Nanzia akatoka nyumbani kwake mbio. "Wifi, maji yako yamepotea."

"Hayajapotea. Ziba pale juu, panavuja."

Akaziba. Tukafanya kazi, yeye tuta hili, mimi tuta lile. Mwishowe akasema, "Jua linazama. Hatutayafikia yote."

"Tutakayoyafikia tutayafikia. Na yatakayobaki unisamehe, wifi. Nimekuja nimechelewa."

Akachota maji kwa kiganja, akamwagia shina moja lililokuwa mbali na mkondo, kisha akasogea akanipokea jembe, maana aliona mgongo unanisumbua. "Kaa," akasema. "Hilo tuta nalimaliza mimi."

Maisha yangu yote nilidhani ibada huanza kengele ikigongwa. Jioni ile, nikiwa nimekaa kwenye ukingo na miguu yangu iko topeni, nikafahamu kwamba ya kesho tulikuwa tumeshaianza.